Mwembe wa Zamani na Mwembe wa Kisasa: Mkulima wa Katelembo Achague Upi?

Mkulima wa Katelembo, karibu na mji wa Machakos, akitaka kupanda miembe, hukabiliwa kwanza na swali hili: anunue mche wa aina gani? Mtu akikosea mbegu ya mahindi hujuta msimu mmoja, kisha hupanda nyingine. Lakini akikosea mche wa mwembe, huutunza miaka mitatu au zaidi, akautilia maji na mbolea, halafu akavuna matunda asiyoweza kuyauza. Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Ni kweli kwa jembe, lakini achaguaye mche kwa akili ni mkulima hodari. Kwa hiyo yafaa kujifunza tabia za miembe, ya zamani na ya kisasa.

ASILI YA MIEMBE

Mwembe haukuanza katika Afrika. Asili yake ni Bara Hindi na nchi zilizo jirani, nao ulifika pwani yetu zamani sana kwa njia ya bahari. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandikiwa wali na achari za namna nyingi, na moja ilikuwa achari ya maembe. Yeye aliyafananisha maembe na matufaha, ila yana kokwa ndani. Maneno hayo yapendeza, maana hata leo embe mojawapo lipendwalo sana katika Kenya huitwa Apple, yaani tufaha, kwa sababu ya umbo lake la mviringo. Lakini mtu asidanganyike na jina: mtufaha wenyewe hutaka majira ya baridi ndipo uchanue vema, na mwembe hutaka jua.

AINA ZA ZAMANI

Aina za zamani zilitoka pwani, ndipo zikapanda bara. Ngowe hutambulikana upesi kuliko zote: ni embe refu, jembamba, na ncha yake imepinda kama mdomo wa ndege. Likiiva huwa la manjano, na nyama yake ni laini, karibu haina nyuzi. Boribo ni embe kubwa, refu kidogo, lenye harufu kali inayojulikana hata kabla ya kulikata. Dodo hupandwa sana kwa kokwa, kwa hiyo matunda ya mti mmoja huweza kutofautiana na ya mti wa jirani. Mengi yana nyuzi, lakini mti wake ni wenye nguvu na maji yake ni mazuri kwa kinywaji.

Embe Apple nalo lilitokea pwani ya Kenya, kisha likashinda mengi katika masoko ya miji. Lina rangi ya manjano yenye wekundu, maji tele, na halina nyuzi za kukwama menoni. Kasoro zake ni mbili. Ngozi yake huumia upesi likisafirishwa vibaya, na mti wake hushikwa kwa urahisi na ubwiri unga, ugonjwa unaofunika maua kama unga mweupe na kuyapukutisha, na pia na chule, uletao madoa meusi juu ya tunda.

AINA ZA KISASA

Nyingi katika aina zinazoitwa za kisasa zilitokea Florida, katika Marekani. Mbegu ya embe liitwalo Haden ilipandwa huko mwaka 1902, na kutokana na uzao wa Haden likapatikana Tommy Atkins. Embe hili ni jekundu, ngozi yake ni nene, huvumilia safari ndefu na hukaa siku nyingi bila kuoza. Ndiyo sababu wafanyabiashara wa nchi za mbali hulipenda. Lakini lina nyuzi, na mtu aliyezoea Ngowe au Apple huenda asilisifu kwa utamu.

Kent ni kubwa, tamu, na karibu halina nyuzi. Keitt huchelewa kuiva, na huweza kubaki la kijani hata likiwa tayari kuliwa. Mnunuzi asiyelijua hulipita akidhani ni bichi. Hata hivyo kuchelewa kwake ni faida, kwa maana huja sokoni wakati maembe mengine yamekwisha.

Waswahili husema, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Mkulima asipende aina ngeni kwa ugeni wake, wala asiidharau ya zamani kwa uzee wake. Kila moja ina kazi yake.

SHINA LA ZAMANI, TAWI LA KISASA

Kokwa la Haden, Tommy Atkins, Kent au Keitt huotesha chipukizi moja, na mti huo haufanani kwa hakika na mama yake. Kwa hiyo mtu akila Kent tamu, akapanda kokwa lake, asitumaini kupata Kent. Hapana budi mche uunganishwe, kazi ambayo wengine huiita kubebesha.

Kwanza huoteshwa kokwa la mwembe wenye nguvu, na mara nyingi ni wa kienyeji kama Dodo. Shina likifikia unene wa kalamu hukatwa na kupasuliwa kidogo. Kijiti kilichotwaliwa katika mti wa aina itakiwayo huchongwa kama kabari, kikaingizwa katika ufa huo, kisha hufungwa imara kwa ukanda wa nailoni. Mti wa namna hii huweza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, hali ule wa kokwa huweza kukawia miaka sita au zaidi. Basi ni dhahiri kwamba aina za kisasa husimama juu ya mizizi ya zile za zamani. Anayekata miembe yote ya babu zake huangamiza pia mbegu ya mashina yake ya kesho.

MAHALI NA ADUI

Mji wa Machakos uko juu ya bahari kwa mita zipatazo 1,600, na miembe hupenda zaidi nchi za chini zenye joto, kama Yatta. Kwa hiyo mkulima wa sehemu za juu achague mahali penye jua na pasipo upepo wa baridi. Miche ipandwe mvua za Oktoba na Novemba zinapoanza. Akiacha mita 10 kila upande, ekari moja itatosha miti 40.

Adui mkubwa ni nzi wa matunda. Mwaka 2003 nzi mgeni kutoka Asia aligunduliwa katika Kenya, akaenea upesi. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe katika nchi za Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi hao, na njia hiyo haikufunguliwa tena mpaka mwaka 2021. Maembe yaliyoanguka yasiachwe chini ya mti, maana ndani yake mna funza watakaokuwa nzi. Yaokotwe kila mara na kufukiwa katika shimo refu, au yafungwe katika mifuko ya nailoni juani. Mtu mmoja akifanya hivyo peke yake, nzi watatoka kwa jirani. Yafaa kijiji kizima kipatane.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Kwanza mkulima ajue nani atakayenunua matunda. Kwa soko la Machakos na Nairobi, Apple na Ngowe hupendwa. Kwa safari ya mbali, Tommy Atkins na Kent. Kwa kuuza mwishoni mwa msimu, Keitt. Mwenye nafasi achanganye aina mbili au tatu, ili asilazimike kuuza yote katika wiki zile ambazo kila shamba linavuna na bei imeanguka.

Kisha amwulize mwenye kitalu: mche huu ni wa aina gani? Kijiti kilitwaliwa katika mti upi? Je, mti huo waweza kuonekana? Mwenye kitalu mwaminifu atamwonyesha. Asiyeweza kujibu, mkulima amwage kwa heri na kwenda kwingine. Na akiwa na shaka, amwendee Bwana Shamba kabla ya kuchimba shimo.