Mfupa Umeunga, Mbona Mguu Bado Unachechemea?

Mtu aliyevunjika mguu katika ajali ya bodaboda hukaa na plasta ngumu, ile ambayo wengi huiita hogo, kwa wiki kadhaa. Siku inapokatwa, picha ya eksirei huonyesha kwamba mfupa umeunga, naye hurejea nyumbani akiamini matibabu yamekwisha. Miezi hupita, naye bado anachechemea. Majirani husema ni uvivu. Mara nyingi wanamwonea, kwa kuwa sehemu ya tatizo imo katika ubongo.

Ndani ya misuli, kano na maungio mna miishilio ya neva inayoupasha ubongo habari za mahali kiungo kilipo. Ndiyo maana mtu aweza kupanda ngazi gizani bila kutazama nyayo zake. Kano ya goti ikikatika, baadhi ya habari hizo hupotea, na ubongo huanza kuyategemea macho zaidi. Mgonjwa huyo aweza kutembea vizuri mchana kwenye njia tambarare, kisha akayumba usiku.

Goti lililovimba lina shida yake. Maji yakijaa ndani ya ungio, neva hupeleka ujumbe kwenye uti wa mgongo, na amri ziendazo kwenye msuli mkubwa wa mbele ya paja hupunguzwa. Mgonjwa hukaza kwa nguvu zake zote, lakini msuli hauitiki ipasavyo, ijapokuwa wenyewe haukujeruhiwa.

Mwaka 2012 watafiti wa Zurich, Uswisi, walichapisha uchunguzi wa watu 10 watumiao mkono wa kulia, ambao mkono huo uliumia ukafungwa kwa siku 14 au zaidi. Picha zilionyesha kwamba tabaka la nje la ubongo upande wa kushoto, unaouongoza mkono wa kulia, lilikuwa limepungua unene katika sehemu zinazohusika na mwendo. Upande wa pili, unaouongoza mkono wa kushoto uliokuwa ukifanya kazi zote, kulikuwa na ongezeko. Watu 10 ni wachache, lakini muda wa wiki mbili nao ni mfupi mno.

Haya hayampi mgonjwa ruhusa ya kuivua plasta mapema. Mfupa usiotulizwa huunga vibaya au hauungi kabisa. Akiwa bado amefungwa, na achezeshe vidole na maungio yaliyo huru kadiri alivyoelekezwa. Hata kuwazia kwa makini kwamba anakaza msuli uliofungwa kumeonekana kupunguza upotevu wa nguvu. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi, vikibadilika rangi au maumivu yakizidi, arudi hospitalini saa hiyo hiyo, asingoje tarehe ya kliniki.

Plasta ikishatolewa, mgonjwa amwulize mganga juu ya rufaa ya fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Huko hufundishwa kukaza paja, kuuegemeza uzito kidogo kidogo kwenye mguu ulioumia, na baadaye kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta. Mazoezi haya huonekana ya kitoto, na wengi huyaacha baada ya mahudhurio mawili au matatu, wakati ubongo ndiyo kwanza umeanza kuutambua tena mguu. Anayekaa mbali aombe aandikiwe mazoezi ya kufanyia nyumbani, na mtu wa familia aende naye ili ayaone yanavyofanywa.