Barua Zisizosafiri: Richard Doyle na Baba Yake

Mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa mapema kwamba barua ni chombo cha kuwaunganisha watu walio mbali. Fasili hii ina pengo. Makala haya yanadhamiria kulidhihirisha pengo hilo kwa kurejelea barua za Richard Doyle, kijana wa London aliyemwandikia baba yake kila juma ilhali wote wawili waliishi katika nyumba moja.

Doyle alizaliwa mwaka wa 1824. Baba yake, John Doyle, mzaliwa wa Dublin, alikuwa mchoraji mashuhuri wa vibonzo vya kisiasa aliyelificha jina lake nyuma ya herufi H.B. Wanawe walielimishwa nyumbani, na mojawapo ya kazi alizowapa ilikuwa kumwandikia barua yenye michoro kila juma. Barua 53 za Richard, za miaka ya 1842 na 1843, zilichapishwa zote kwa pamoja mwaka wa 2016, zikihaririwa na Grant F. Scott.

Swali linaloibuka ni hili: kwa nini mtoto amwandikie mzazi ambaye angeweza kumsimulia mambo yayo hayo wakati wa chakula? Kwa maoni yetu, jibu limo katika karatasi yenyewe. Msimulizi anaweza kurudia, kuruka na kujisahihisha. Karatasi ina mipaka, nayo humlazimu mwandishi kuchagua.

Tuangalie alichokichagua Doyle. Mnamo Agosti 1842 alijikuta katikati ya ghasia za Wachartisti, wafanyakazi waliodai haki ya kupiga kura, na katika purukushani hiyo akaibiwa. Mwaka wa 1843 alishuhudia mazishi ya Mtawala wa Sussex, ami yake Malkia Victoria. Hata hivyo, wanaojitokeza tena na tena katika kurasa zake ni watu wa kawaida: wapita njia, na umati uliofurika bustanini na katika kumbi za maonyesho ya picha. Kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka ishirini alikuwa akijifunza kuutazama umma.

Isitoshe, picha katika barua hizi si pambo. Doyle aliupangilia ukurasa kwa namna mbalimbali, neno na mchoro vikiingiliana na kufanyiana mzaha. Ndiyo sababu barua hizo huhesabiwa miongoni mwa vitangulizi vya hadithi za vibonzo.

Utanzu wetu wenyewe unatupa mfano wa karibu. Katika Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa 1858, mama humwita bintiye aketi karibu naye, aje na wino na karatasi. Hapo mzazi ndiye anayenena na mtoto ndiye anayepokea. Kwa akina Doyle mambo ni kinyume. Lakini katika hali zote mbili hakuna umbali wa kuvukwa. Maandishi yanahitajika kwa sababu yapo mambo ambayo ukaribu peke yake hautoshi kuyabeba.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwaka wa 1843 Richard alijiunga na jarida la Punch, na jalada alilolichorea mwaka wa 1849 lilitumika hadi 1956. Mwaka wa 1850 alijiuzulu, kwa kuwa jarida hilo lililishambulia Kanisa Katoliki, dini yake na ya baba yake.

Kwa kuhitimisha, ni rai yetu kwamba barua isifasiliwe kwa umbali pekee. Tunapoifundisha kwa kuhesabu anwani, tarehe na tamati, tunamfunza mwanafunzi umbo na kumnyima kiini. Barua ni zoezi la kutazama, kuchagua na kumfikiria msomaji mmoja anayejulikana. Mwalimu na ampe mwanafunzi wake msomaji wa kweli, hata awe ni mzazi aliye chumba cha pili.