KUPUNGUZA UZITO KIDOGO: TUMBO, CHAI NA MIGUU

Somo letu la leo ni juu ya jambo ambalo wengi hawalitazamii kusomeshwa msikitini, nalo ni uzito wa mwili uliozidi kidogo, na njia nyepesi za kila siku za kuupunguza. Wako watakaouliza: Je, sheikh amekwishiwa na vitabu hata aje kutupimia matumbo? Jawabu ni kuwa hayo yamo katika vitabu hivyo hivyo. Bukhari ana mlango mzima juu ya vyakula, na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijria, ameweka ndani ya Ihya kitabu kizima juu ya kuzivunja shahwa mbili, ya tumbo na ya tupu, akaanza na ya tumbo. Haikuwa haya kwao, basi isiwe haya kwetu.

Wengine wana neno lenye nguvu zaidi. Watasema kuwa nchi hii ni nchi ya njaa. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Mifugo ikafa njiani, na watoto wakadhoofu huko Garissa, Wajir na Mandera. Vipi basi kusemwe unene mbele ya watu hao? Swali hili ni la haki. Lakini atazame kila mmoja nyumba za mjini, ataona ajabu: mtoto amekonda na mama yake amezidi uzito, na wote wawili wanakula katika sufuria moja. Chakula kinachomnenepesha mama, yaani sukari, mafuta na unga mweupe, ndicho hicho kisichomjenga mtoto. Njaa na unene si mahasimu wanaokaa mbalimbali. Siku hizi hukaa chini ya paa moja. Na matokeo yake twayajua sote: ugonjwa wa sukari, shinikizo la damu, na magoti yasiyokubali tena kusujudu, hata viti vimeongezeka safu za nyuma msikitini.

Sababu yake haifichiki. Watu wa nchi hii walikuwa watu wa kuhama. Mchunga ngamia alitembea kutwa nyuma ya wanyama wake, akanywa maziwa, akala nyama siku ilipopatikana, na kiangazi kikapunguza alichoongeza masika. Kisha vikaja vita vya mwaka 1963 hata 1967, watu wakakusanywa katika vijiji vilivyolindwa, na wengi wakapoteza mifugo yao. Ukame wa miaka iliyofuata ukawaleta wengine mjini. Miguu ikapumzika, walakini sinia halikupungua. Leo kijana hupanda bodaboda kutoka nyumbani hata dukani, mwendo ambao babu yake asingeuita safari.

Kabla ya kuendelea yapasa tuondoe ubaya mmoja, nao ni kumcheka mtu kwa mwili wake. Masahaba walipocheka wembamba wa miguu ya Ibn Masud (R.A.), Mtume aliwaambia kuwa miguu hiyo ni mizito katika mizani kuliko mlima Uhud, ameipokea Imamu Ahmad. Na Bibi Aisha (R.A.) mwenyewe ametusimulia, katika Sunan ya Abu Daud, kwamba alishindana mbio na Mtume safarini akamshinda, baadaye, alipokuwa amepata mwili, wakashindana tena naye Mtume akamshinda, akamwambia kuwa hii ni kwa ile. Tazama upole huo. Hakuna kebehi wala lawama, ila mume anakimbia na mkewe. Ni wangapi kati yetu wamepata kutembea na wake zao hata mwendo wa nusu saa?

Ni kweli kuwa imekuja hadithi ya Imran bin Husayn, katika Bukhari na Muslim, inayotaja unene kuwa miongoni mwa mambo yatakayodhihiri kwa watu wa baadaye, pamoja na khiana na kutotimiza nadhiri. Lakini Imamu Nawawi ameeleza kuwa mwenye kulaumiwa ni yule anayeutafuta, ama aliyeumbwa hivyo hamo. Basi tufahamu: lawama iko juu ya kula kwa ajili ya kula, wala haiko juu ya umbo. Na mila ile ya kuona kuwa mwanamke mnene ndiye mzuri, na kwamba mume wake anamtunza, hiyo ndiyo kuutafuta hasa. Binti aliye mzima huambiwa amekonda, hulishwa samli mpaka apendeze macho ya watu. Kisha akipata sukari akiwa na miaka arubaini, waliomsifu hawamo katika foleni ya hospitali.

Sasa tuje kwenye msingi. Aya ya 31 ya Suratul Aaraf imeruhusu kula na kunywa, kisha ikakataza israfu. Na Tirmidhi amepokea kwa Miqdam bin Maadikarib kuwa Mtume amelitaja tumbo kuwa ndicho chombo kibaya zaidi mwanadamu anachokijaza, akasema kwamba tonge chache za kumsimamisha mgongo zamtosha, na ikiwa hapana budi, basi aligawe mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Ibn al-Qayyim katika Zad al-Maad amepanga kula kwa daraja tatu: haja, kifaya na ziada, na akaonyesha kuwa maradhi mengi hutoka katika ziada. Angalia kuwa fungu la thuluthi ndilo la mwisho kuruhusiwa, wala silo la kuanzia. Sisi tumeligeuza likawa daraja ya wacha Mungu!

Hapa twataka kutahadharisha. Yako maneno mawili yanayosemwa sana mimbarini kuwa ni ya Mtume. La kwanza ni lile linalolifanya tumbo kuwa nyumba ya maradhi na kujizuia kuwa kichwa cha dawa. Maana yake ni njema, lakini Ibn al-Qayyim amebainisha kuwa ni maneno ya Harith bin Kalada, tabibu wa Waarabu, wala si hadithi. La pili ni lile la kwamba kufunga huleta siha, na isnadi yake ni dhaifu. Dini haina haja ya kusaidiwa kwa maneno yasiyothibiti, na yaliyothibiti yanatutosha.

Tuanze na chai, maana katika mji wetu chai ndiyo mzizi. Bilauri moja ya chai ya maziwa huwa na vijiko vitatu vya sukari, na pengine zaidi. Tuseme mtu anakunywa bilauri sita tangu alfajiri hata Isha, na hilo si kubwa kwa anayepokea wageni. Hivyo ni vijiko kumi na vinane. Kijiko cha chai ni gramu 4 takriban, basi amekunywa gramu 72 kabla hajala kitu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 kuwa sukari ya kuongezwa isipite sehemu moja katika kumi ya nguvu ya chakula cha siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima, na ikishuka hata gramu 25 ni bora zaidi. Mtu huyo amevuka mpaka kwa chai peke yake, na bado hajahesabu soda, wala anjera ya asubuhi iliyomwagiwa sukari na mafuta.

Taabu yenyewe ni kuwa sukari yetu hutiwa jikoni. Chai huchemshwa pamoja na sukari, ikatiwa katika chupa, na mnywaji hana khiari. Kwa hiyo nasaha hii haimfai mnywaji kabla ya mpishi. Ipikwe chai bila sukari, na bakuli la sukari liwekwe kando pamoja na kijiko. Kisha kila wiki mtu apunguze nusu kijiko kwa kila bilauri. Asikate yote siku moja, kwa kuwa ulimi hukasirika ukarudi kwa nguvu. Ukipunguziwa polepole huzoea, na baada ya miezi miwili chai ya zamani itamchukiza. Maziwa ya ngamia yenyewe ni rizki njema, na anayeyanywa bila sukari amekunywa chakula. Ama miraa, hukumu yake ina masomo yake. Hapa twasema tu kuwa anayekaa saa sita na fungu lake, na soda na chai tamu pembeni, kisha akala wali usiku wa manane akalala, asimuulize daktari tumbo limetoka wapi.

Baada ya chai ni sinia. Kula pamoja ni sunna na kuna baraka, na imethibiti kuwa chakula cha wawili huwatosha watatu. Walakini sinia lina mtego wake: mlaji hajui amekula kiasi gani, hutazama mkono wa mwenziwe. Dawa imo katika adabu yenyewe aliyofundishwa Umar bin Abi Salama alipokuwa kijana: kula kwa mkono wa kulia, na katika kilicho mbele yako. Anayeshika mbele yake ana mpaka. Anayezungusha mkono hana. Na wali upakuliwe pungufu, mboga na maharage viongezwe. Mashamba ya ukingo wa Tana yanatupa ndizi, mapapai, maembe na matikiti, basi tunda liwe mahali pa kitu kitamu baada ya chakula, wala si juu yake. Mafuta nayo yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kwa mtungi, kwani gramu moja ya mafuta ina nguvu mara mbili na zaidi kuliko gramu ya sukari. Na wenyeji waache desturi ya kumuapia mgeni kwa jina la Mwenyezi Mungu kuwa atakula tena. Huo si ukarimu, ni kumtia mtu baina ya kiapo na tumbo lake.

Kisha miguu. Banu Salima walitaka kuhamia karibu na msikiti wa Mtume, naye akawaambia wabaki majumbani mwao, kwa kuwa hatua zao zinaandikwa, ameipokea Muslim. Sasa sisi huja kwa bodaboda, tukalipa fedha ili hatua zetu zisiandikwe! Nyumba ikiwa mwendo wa dakika kumi, basi kwenda na kurudi kwa sala mbili ni dakika arubaini kwa siku. Shirika la Afya Duniani lahitaji kwa mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuharakisha pumzi kidogo, na huyu amezipita kwa Alfajiri na Magharibi tu, saa ambazo jua la Garissa lina huruma. Akina mama wasiokwenda msikitini na watoke wawili watatu baada ya Alfajiri, kwa sitara yao na mahali pa amani. Na asiyeweza, ua wa nyumba wamtosha akiuzunguka. Mume asimzuie mkewe kwa wivu wa kijinga kisha amlipie dawa za sukari miaka ishirini.

Pengine mtu atasema kuwa mambo madogo kama haya hayafui dafu. Mwaka 2002 waganga wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kupata sukari. Waliolengeshwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa wiki, ugonjwa ulipungua kwao kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge, kwa asilimia 31. Asilimia 7 ya mtu wa kilo 80 ni kilo tano na nusu. Hakuna aliyeambiwa awe mwembamba kama mwiba.

Na asiye na mizani achukue uzi sawa na urefu wake, aukunje mara mbili, kisha auzungushe kiunoni usawa wa kitovu. Ncha zikikutana, ashukuru. Zisipokutana, aanze na chai. Twasema haya kwa kuwa kanzu na kikoi ni wasitiri wakubwa mno, humwachia mtu kunenepa miaka kumi bila kujua.

Ama kufunga Jumatatu na Alkhamisi, na siku tatu nyeupe za kila mwezi, hufungwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na wepesi wa mwili ukija ni ziada. Anayefunga kisha akafuturu kwa sambusa sita na sharubati hakupunguza kitu. Mwenye kutumia dawa za sukari au sindano asifunge wala asibadili chakula chake kwa ghafula bila kumuuliza daktari, maana sukari ya damu huweza kushuka ikamwangusha. Mjamzito na anayenyonyesha si wa kupunguza uzito wakati huo. Na anayekonda bila sababu, akawa na kiu na kukojoa sana, huyo asifurahi, aende apimwe.

Ndugu mmoja ameuliza baada ya darasa kama chakula tutakachokipunguza kina thawabu yoyote. Tumemjibu: kitazame kinakwenda wapi. Kilo ya sukari isiyopikwa nyumbani kwako mwezi huu yaweza kuwa maharage nyumbani kwa jirani ambaye ukame umemwachia mbuzi wawili, na twajua lililosemwa juu ya anayelala ameshiba hali jirani yake ana njaa. Somo lijalo, inshaallah, ni juu ya mgonjwa wa sukari katika Ramadhani: nani ana ruhusa, nani analipa, na nani anatoa fidia.