Maziwa mala au yai la kuchemsha: mtoto anunuliwe kipi?

Msomaji, ukishuka kwenye feri upande wa Likoni saa za jioni, kabla hujakata njia ya kuelekea Shelly Beach utampita mchuuzi mwenye ndoo ya mayai ya kuchemsha, chumvi kando na kachumbari kwenye bakuli. Hatua chache mbele yake kuna duka lenye friji, na ndani ya friji pakiti za maziwa mala zimepangwa. Swali ninaloulizwa na akina mama tena na tena linatoka hapo: "Daktari, nikiwa na hela ya kimoja tu, nimnunulie mtoto kipi?"

Jibu langu huwaudhi baadhi yao, kwa maana huwarudishia swali jingine: jana na juzi mtoto alikula nini? Lakini kwanza tufanye hesabu.

Yai moja kubwa, ukishalimenya, lina uzito wa gramu 50 hivi. Ndani yake mna gramu 6 za protini, gramu 5 za mafuta, na nishati ya kalori zipatazo 78. Wanga karibu haumo. Pakiti ya nusu lita ya mala isiyopunguzwa mafuta ina takriban gramu 16 za protini na kalori 300. Kwa hivyo pakiti moja ni sawa na mayai mawili na nusu kwa upande wa protini, na kwa kawaida pesa za pakiti hiyo hununua mayai mawili au matatu. Katika protini, basi, hakuna aliyemshinda mwenziwe. Anayekwambia yai ni "protini tupu" na maziwa ni "maji tu" anakupotosha.

Tofauti iko kwenye madini na vitamini. Nusu lita ya mala ina zaidi ya miligramu 550 za kalsiamu, yaani yale madini ya chokaa yanayojenga mifupa na meno. Yai moja lina 25 hivi. Ungehitaji kula mayai zaidi ya 20 ili uifikie pakiti moja, na sidhani kuna tumbo la mtoto linaloweza kazi hiyo. Mala pia yana vitamini B12 kwa wingi.

Yai nalo lina vitu ambavyo maziwa yanavyo kwa uchache. Kimoja ni kolini, kirutubisho kinachohitajika katika ujenzi wa ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni. Mama mjamzito anashauriwa apate miligramu 450 kwa siku, na mayai mawili humpa zaidi ya nusu ya kiasi hicho. Kiini cha yai kina vitamini D pia, ambayo maziwa yasiyoongezwa vitamini hayana ila kidogo sana. Tena yai ni dogo. Mtoto wa mwaka mmoja, mwenye tumbo la ukubwa wa ngumi yake, hulimaliza bila kushiba kupita kiasi, ilhali kikombe kikubwa cha maziwa kabla ya chakula humfanya asiguse sahani.

Sasa nirudi kwenye lile swali la sahani. Kati ya mwaka 1998 na 2000 watafiti walifanya kazi kubwa huku kwetu Kenya, katika shule 12 za msingi huko Embu. Watoto wa shule nyingine walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na gilasi ya maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na kundi la nne halikupewa chakula hicho. Waliokula nyama ndio walioendelea zaidi katika majaribio ya kufikiri. Lakini kwa upande wa kimo, ni maziwa yaliyowasaidia watoto wadogo na wale waliokuwa wamedumaa tangu awali. Mayai hayakujaribiwa pale.

Yalijaribiwa kwingineko. Nchini Ecuador watoto wachanga wa miezi 6 hadi 9 walipewa yai moja kila siku kwa miezi 6. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kudumaa kulipungua kwa karibu nusu. Madaktari tulifurahi. Halafu utafiti kama huo ukafanywa Malawi, wilaya ya Mangochi kando ya ziwa, na matokeo yake ya mwaka 2019 hayakuonyesha tofauti yoyote ya maana katika kimo. Kwa nini? Sababu mojawapo iliyotajwa na watafiti wenyewe ni kwamba watoto wa Mangochi tayari walikuwa wakila samaki mara kwa mara. Yai lilikuta nafasi yake imeshikwa.

Hapo ndipo Shelly Beach inapoingia. Nyumba ambayo baba huenda baharini, au mama hununua dagaa na samaki wadogo mara tatu nne kwa wiki, inafanana zaidi na Mangochi. Mtoto wa nyumba hiyo hana njaa ya protini. Kama ni hela ya kimoja tu, mimi ningemnunulia mala, isipokuwa ikiwa dagaa wanatafunwa na mifupa yao, maana mifupa hiyo ni kalsiamu nyingine ya bure. Lakini nyumba ya pili, mlango wa tatu kutoka hapo, hupitisha wiki kwa ugali na sukuma wiki, mahamri asubuhi, na chai. Huko ningenunua mayai bila kusita, na kumpa mtoto moja kila siku badala ya kumpa matatu siku ya mshahara. Jambo hili si dogo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 18 katika kila 100 wenye umri wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na kwa jirani zetu wa Kilifi ni 37.

Kuna upungufu mmoja ambao hakuna kati ya hivi viwili kitakachouziba: upungufu wa damu. Mala karibu hayana madini ya chuma. Yai linayo kiasi, lakini mwili huyapata kwa shida kwa kuwa protini iliyomo kwenye kiini huyashikilia. Mama mwenye damu pungufu anayejitibu kwa mayai na maziwa anachelewa. Anahitaji maini, nyama, samaki, au maharagwe na mbaazi zilizokamuliwa ndimu, pamoja na vidonge alivyopewa kliniki. Na ile chai ya maziwa anayoinywa pamoja na chakula huzuia chuma kuingia mwilini. Ainywe saa moja au mbili baadaye.

Wapo watu wazima wanaoniambia maziwa huwajaza tumbo hewa na kuwaharisha. Si uongo wala si ulafi. Watu wengi wa Afrika, wakishakua, hupungukiwa na kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Mala huwafaa zaidi kuliko maziwa matamu, kwani vijidudu vya kugandisha vimekwisha kula sehemu ya sukari hiyo. Anza na nusu kikombe.

Ila tazama unachonunua. Mala yenyewe ni maziwa yaliyolala yakaganda, na ndiko jina lilikotoka. Vile vinywaji vyenye picha ya stroberi au embe ni kitu kingine, kwani vingi vimeongezwa sukari. Soma maandishi ya nyuma ya pakiti. Ukiona sukari imetajwa ya pili baada ya maziwa, rudisha kwenye friji. Mgonjwa wa kisukari hasa ajihadhari, na akumbuke kwamba hata mala ya kawaida yana sukari ya asili, gramu 20 hivi katika nusu lita, ilhali yai halina hata gramu moja.

Kuhusu mayai, imani ni nyingi. Mjamzito akila mayai mtoto hazaliwi na upara. Mtoto akila yai hacheleweshwi kusema. Yai la kienyeji lina kiini cha manjano zaidi kwa sababu ya majani na wadudu wanaoliwa na kuku huyo, lakini protini yake haipiti ya yai la gredi. Ukipenda ladha yake, lipia ladha. Na vijana wanaomeza mayai mabichi ili wapate nguvu wanatupa pesa. Utafiti uliofanywa Ubelgiji mwaka 1998 ulionyesha kwamba mwili husaga takriban asilimia 90 ya protini ya yai lililopikwa, na asilimia 50 tu hivi ya yai bichi. Juu ya hasara hiyo kuna hatari ya salmonela. Ama hofu ya kolesteroli, kwa mtu mwenye afya yai moja kwa siku halijaonekana kumdhuru. Mwenye kisukari au maradhi ya moyo azungumze na daktari wake.

Mtoto asiyetimiza miezi 6 hapewi chochote kati ya hivi. Ziwa la mama linamtosha. Baada ya hapo mpe yai lililoiva hadi kiini, lililopondwa na kuchanganywa na uji au viazi, na mara ya kwanza mpe kidogo umwangalie kama atatokwa na vipele au kuvimba midomo. Mala kijiko kwa kijiko kwenye uji yanaweza kuanza, lakini maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka.

Kwa mchuuzi, chagua yai lenye ganda, umenye mwenyewe. Lililomenywa na kupasuliwa halipaswi kukaa nje zaidi ya saa mbili, na katika joto la Februari na Machi lisizidi saa moja. Kachumbari yake iache kama hujui maji yaliyooshea nyanya yalitoka wapi. Mombasa imekwisha kupata kipindupindu zaidi ya mara moja.

Na ukigandisha maziwa nyumbani, yachemshe kwanza, yapoe, ndipo utie kijiko cha mala ya zamani. Uchachu peke yake hauui kwa uhakika vijidudu vya brusela, ambavyo huleta homa ya kwenda na kurudi, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Homa hiyo hudhaniwa kuwa malaria, na mgonjwa humeza dawa za malaria wiki baada ya wiki. Ukifika kwa daktari na homa ya namna hiyo, mwambie kama umekunywa maziwa yasiyochemshwa, hata asipokuuliza.