Watoto wa Nguruwe na Upungufu wa Chuma

Mara nyingi mfugaji hustaajabu kuona watoto wa nguruwe waliozaliwa na nguvu wakidhoofika kabla ya kutimiza majuma matatu. Masikio yao hupauka, nywele husimama, nao huhema upesi upesi hata wakitembea kidogo. Wengine hufa ghafula, na pengine ndio waliokuwa wanene kuliko wenzao. Sababu yake ni upungufu wa madini ya chuma katika damu.

Mtoto wa nguruwe huzaliwa na akiba ya chuma ya miligramu 50 hivi. Kila siku ahitaji miligramu 7, lakini maziwa ya mama yake humpa 1 tu. Basi akiba hiyo huisha upesi. Nguruwe wa porini hupata chuma kwa kuchimbua udongo. Aliyefungiwa katika banda la sakafu ya saruji hana pa kuchimbua.

Dawa yake ni kumchoma mtoto sindano ya chuma, miligramu 200, katika siku 3 za kwanza. Mfugaji asiyeipata aweza kutia bandani kila siku udongo mwekundu safi, uliochimbwa mahali wasipopita nguruwe, usije ukaleta minyoo.

Tangu siku ya 10 hivi yafaa wapewe pia maji safi na chakula laini kidogo kidogo, mahali mama yao asipoweza kufika. Gharama ya sindano moja ni ndogo kuliko hasara ya kumfukia mtoto mmoja.