Lipa Namba Ukutani, Daftari Chini ya Kaunta

M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, niliiona ni ya kuwatumia wazazi hela kijijini, si ya kununulia sukari robo. Leo dukani kwangu Tandika mtu anakuja hana hata mia mfukoni, anauliza, "Mangi, unalipwa kwa namba ipi?" Haya yanayofuata niliyajua baada ya kuungua.

Chukua Lipa Namba ya biashara. Nilianza na namba yangu binafsi. Hela ya unga ikachanganyika na ada ya mtoto aliyonitumia shemeji, mwisho wa mwezi sijui nimekula faida au mtaji. Na kila mteja tunabishana kuhusu ya kutolea! Hela ikishaingia, usikimbilie kwa wakala kila jioni, makato yatamaliza faida. Mlipe kwa simu hiyohiyo mwenye duka la jumla.

Simu ya duka ilale dukani. Siku moja nilikwenda nayo Kariakoo. Huku nyuma kijana wangu akaonyeshwa ujumbe wa malipo kwenye simu ya mteja, akatoa kiroba cha sembe cha kilo 25. Jioni natafuta hela ile, haipo. Sasa mzigo hautoki mpaka ujumbe uingie kwenye simu yetu. Ujumbe ukitoka kwenye namba ya mtu badala ya jina la mtandao, tunaangalia salio kwanza.

Usitupe daftari. Langu lina safu tatu: taslimu, simu, mkopo. Kabla ya kufunga nalinganisha safu ya simu na salio. Simu haijui kwamba jirani kachukua mafuta ya kupima, atalipa Ijumaa.

WhatsApp iwe kibao chako. Dagaa wapya wakifika, naweka picha na bei. Ukiandika "bei njoo inboksi", mteja anahamia duka la pili.

Droo ya chenji isikauke. Wiki iliyopita mtandao ulikatika tangu alasiri. Wateja wamejipanga kaunta, kila mmoja simu mkononi, hakuna aliyeweza kulipa. Bibi mmoja akapenya katikati yao, akafungua fundo la khanga, akanihesabia hela yake, akaondoka na mchele. Waliobaki, ninaowafahamu, niliwaandika safu ya tatu.