Mbwa aliyekuuma alikuwaje jana?

ASUBUHI moja mlinzi wa usiku aliletwa kwangu na mwajiri wake, mkono umefungwa kitambaa kilicholowa damu. Alikuwa ameumwa na mbwa wa ploti alipokuwa akimrudisha bandani, kazi aliyoifanya kila alfajiri kwa miaka miwili. Muuguzi alipokuwa akikiosha kidonda, niliuliza swali ambalo wagonjwa wengi hulishangaa: mbwa huyu alikuwa na tabia gani jana na juzi?

Mwenye ploti akajibu kwa haraka. "Daktari, mbwa huyo ni mkali tangu zamani. Ndiyo kazi niliyomwekea."

Je, alikuwa amekula chakula chake cha jana? Hakuna aliyejua. Sauti yake ya kubweka ilikuwa imebadilika? Hawakuwa na habari. Mbwa mwenyewe alikuwa ameshauawa kwa mawe na vijana wa mtaa na kutupwa jaani. Basi nikawa na jeraha mbele yangu na sina shahidi hata mmoja. Yule mlinzi ilimbidi amalize sindano zote za kuzuia kichaa cha mbwa, moja baada ya nyingine kwa tarehe zake, na kila safari alipoteza usingizi wa mchana na nauli ya matatu.

Msomaji mpendwa, wengi wetu wa mjini hudhani kwamba kujali hali ya mbwa ni anasa ya watu wa mitaa ya kifahari. Mimi si daktari wa mifugo, na sitajifanya. Lakini nimewatibu watu wengi walioumwa, na nimeona kwamba namna mnyama anavyotunzwa ndiyo inayoamua kama ugonjwa wake utatambuliwa mapema au utatambuliwa kwenye mguu wa mtoto wa jirani.

Mnyama hawezi kusema kichwa kinamwuma. Anachoweza ni kubadilisha tabia. Kuku anayejikunyata pembeni wenzake wakila, ng'ombe anayechelewa kusimama wakati wa kukamuliwa, paka aliyezoea mapajani ambaye sasa anajificha chini ya kitanda: hao wote wanatoa habari. Ila habari hiyo humfikia tu yule anayejua jinsi mnyama huyo alivyokuwa jana.

Sasa mchukue mbwa wa ploti zetu. Mchana kutwa yumo ndani ya banda la mabati lenye joto, au amefungwa mnyororo mfupi. Chakula husukumwa kwa ufagio. Usiku hufunguliwa watu wakiwa wamelala. Mtoto wa mbwa hujifunza nani rafiki na nani adui kuanzia wiki ya tatu hivi hadi ya kumi na mbili au kumi na nne ya maisha yake. Akifungiwa katika muda huo asione watu, hukua akiogopa kila kitu, na woga huo ndio aghalabu humfanya aume. Ongeza sikio lililojaa kupe au jino lililooza, naye atamrukia hata anayemlisha. Mbwa wa namna hiyo akiuma, kuuma kwake hakutuambii lolote. Huenda ana kichaa, huenda ni njaa tu. Lakini mbwa aliyezoea watu, anayejulikana na watoto wa nyumba, akimwuma mtu ghafla bila kuchokozwa, hapo daktari husimama wima.

Kichaa cha mbwa kinajulikana katika nchi hii tangu mwaka 1912, kilipothibitishwa kwa mbwa mmoja karibu na Nairobi. Hadi leo, dalili za ugonjwa huu zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Virusi huingia kwa mate kupitia kidonda, kisha husafiri polepole ndani ya mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki chache au mwaka mzima. Tuna muda huo tu wa kumwokoa mtu.

Watu husubiri kuona povu mdomoni. Povu huja kwa kuchelewa, na mara nyingine haliji. Mabadiliko ya tabia ndiyo hutangulia, nayo huja kwa njia mbili. Mpole huwa mkali, akatafuna vijiti, mawe na mnyororo wake. Au mkali huwa mpole kupita kiasi, akajificha gizani na kukataa chakula, taya likalegea, na sauti ikawa ya kukwaruza. Huyu wa pili ndiye ninayemwogopa zaidi, kwa sababu watu humhurumia na kumtia mkono mdomoni wakidhani amekwamwa na mfupa.

Kosa hilo hilo hufanyika kwa ng'ombe. Mwalimu mmoja anayefanya kazi hapa mjini alipigiwa simu kutoka nyumbani kwao Ukambani kwamba ng'ombe wao wa maziwa anadondokwa na mate, hamezi, na analia usiku kucha. Wakasema amekwamwa na kokwa la embe. Watu watatu walipeana zamu ya kumtia mkono kooni, mmoja wao akiwa na mchubuko wa jembe kidoleni. Kokwa halikupatikana. Mama mzee wa boma ndiye aliyekumbuka kwamba mwezi uliotangulia mbwa mgeni alipita akamng'ata ng'ombe huyo puani. Alikumbuka kwa kuwa ndiye aliyemkamua kila siku, na alikuwa ameona kwamba tangu juzi ng'ombe hamjui tena. Daktari wa mifugo alipeleka kichwa cha ng'ombe kwenye maabara ya Kabete, na jibu likarudi kwamba ni kichaa cha mbwa. Wale watatu walichomwa sindano mapema, na wote wako hai.

Ukiumwa, au ukirambwa mahali palipochubuka, osha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Si uganga huo. Virusi hivi vimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huuyeyusha. Usipake pilipili, majivu wala mafuta taa. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wako na hata kama amechanjwa. Sindano huanza bila kungojea, na kidonda kikiwa kimepenya ngozi daktari ataangalia kama unahitaji pia dawa ya kingamwili kwenye jeraha lenyewe.

Na mbwa? Msimwue mkiweza kumfungia salama. Mpeni chakula na maji bila kumgusa, na mmwangalie kwa siku 10 mkishauriana na afisa wa mifugo. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na virusi alipouma, ndani ya siku hizo ataonyesha ugonjwa au atafa. Akizimaliza akiwa mzima na anakula, daktari anaweza kuzisimamisha sindano zilizobaki. Akifa, kichwa kisipondwe, kwa sababu ubongo ndio unaopimwa.

Chanjo ya mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na sindano za mtu mmoja aliyeumwa. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Shida niliyoiona mimi ni kwamba mbwa asiyeshikika hachanjiki. Siku ya chanjo mwenye ploti humwacha bandani kwa kuogopa kuumwa, naye ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kwenye foleni.

Mwenye ploti yule alinunua mbwa mwingine, mtoto wa wiki nane. Mlinzi ndiye anayemlisha, kwa mkono, mchana, watoto wa wapangaji wakitazama. Juzi alinipigia simu kwamba mbwa amekataa uji tangu asubuhi. Nilimwelekeza kwa daktari wa mifugo, naye akamkuta na minyoo.